Katuni Iliyosimuliwa Nyuma ya Rundo la Kuni

Nilikuwa na rafiki mmoja tu katika shule ile, na nilimpoteza siku ya Ijumaa, kati ya mapumziko ya saa tano na gwaride la jioni. Nasema nilimpoteza, lakini hilo ni neno la kujitetea. Nilimfukuza mwenyewe, kwa mkono wangu, huku nikijua ninachofanya.

Baba alikuwa mwalimu. Alihamishwa kutoka Kibugu, upande wa Embu, akaletwa kuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi iliyo juu ya Nkubu, upande wa Meru, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu hukaa hadi adhuhuri na soksi hazikauki wiki nzima. Nilikuwa na miaka minane. Nyumbani tulizungumza Kiembu, na nilidhani kwamba kwa kuwa Kiembu na Kimeru ni ndugu, basi nitaelewana na watu. Wapi! Watoto walicheka kila nilipofungua mdomo. Wasiponicheka, walininyamazia, maana nani anataka kucheza na mtoto wa naibu? Aliyeiba chaki au kumwiga mwalimu mkuu anavyotembea alihakikisha kwanza kwamba mimi sipo karibu.

Rafiki yangu ndiye aliyekubali kukaa nami kwenye dawati. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza na sweta iliyotoboka viwiko vyote viwili. Wiki ya kwanza tulizungumza Kiswahili cha darasani, kwa sababu ndicho pekee tulichokuwa nacho sote wawili. Hujambo? Sijambo. Hiki ni nini? Hiki ni kifutio. Wiki ya pili alichoka na upuuzi huo. Akaanza kunifundisha Kimeru, kwa kunionyesha vitu kwa kidole na kunifinya nikikosea. Alifinya vizuri sana. Tulipofika darasa la tano nilikuwa naota kwa Kimeru, na mama yangu alilalamika kwamba hata kikohozi changu kimebadilika.

Televisheni ilikuja tulipokuwa darasa la nne. Ilikuwa ndogo, isiyo na rangi, na ilitumia betri ya gari ambayo baba aliipeleka Nkubu kuchajiwa. Antena ilifungwa kwenye mti mrefu wa mkaratusi uliokatwa na kusimikwa nyuma ya nyumba, na kwa kuwa milima imetuzunguka pande zote, picha ilikuja ikitaka na kwenda ikitaka. Kila Jumamosi rafiki yangu alivuka kijito akaja kwetu kuangalia katuni. Mimi nilitoka nje kuuzungusha ule mti, naye akabaki ndani akipiga kelele dirishani: "Bado! Bado! Hapo hapo! Umeharibu!" Tulipoipata picha, tulikuwa tumeshakosa mwanzo.

Katuni yenyewe ilihusu watoto wa shule fulani ya ng'ambo. Walikuwa na vichwa vikubwa na miguu myembamba, na maisha yao yote yalikuwa mapumziko. Sikumbuki hata siku moja wakifanya hesabu hadi mwisho. Hawakufagia, hawakubeba maji, hawakupalilia shamba la shule. Walicheza uwanjani, wakagombana, wakapatana, wakamwekea mitego mwalimu wao mwembamba kama ufagio, na kipindi kilipoisha kila kitu kilirudi mahali pake. Aliyevunjika mguu Jumamosi hii, Jumamosi ijayo alikuwa anapanda ukuta.

Mimi nilielewa walichokuwa wakisema, walau nusu, kwa sababu baba alihakikisha tunasoma Kiingereza hata siku za likizo. Rafiki yangu hakuelewa neno. Na hapo ndipo maajabu yalipokuwa, kwa sababu yeye, asiyeelewa neno, ndiye aliyeisimulia katuni ile shuleni siku zilizofuata, na aliisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa.

Kulikuwa na mvulana mmoja katika katuni aliyevaa kofia wakati wote. Rafiki yangu alisema ana mashilingi kichwani, yale mabaka ya ukurutu, na mama yake amempaka dawa ya wino, ndiyo maana haivui. Yule mrefu wa nyuma amerudia darasa mara tatu. Msichana wa misuko miwili analelewa na nyanya yake, unaona anavyowaogopa watu wazima? Na yule mwalimu mwembamba hajalipwa mshahara tangu mwaka uanze, ndiyo maana anapiga mlango. Chakula walichopewa kwenye sinia kilikuwa githeri, mahindi na maharagwe, yenye dudu. Watoto wa shule yetu walivikubali vyote hivi bila swali. Ilikuwa shule yao, ila tu ya watu wenye viatu.

Sasa, shida ni kwamba aliisimulia kwa Kimeru.

Shule yetu ilikuwa na diski. Ilikuwa kipande cha mbao, ukubwa wa kiganja, kilichotobolewa na kufungwa kamba ya katani. Jumatano na Ijumaa zilikuwa siku za Kiswahili. Siku nyingine tatu zilikuwa za Kiingereza. Kimeru hakikuwa na siku. Aliyesikika akikizungumza alivishwa diski shingoni, na hakuwa na njia ya kuivua isipokuwa naye amsikie mwingine, amvishe. Iliweza kupita shingo kumi kwa siku moja. Jioni, kwenye gwaride, mwalimu wa zamu alimwita aliyebaki nayo na kumwuliza aliyempa. Huyo naye akamtaja wake, na kila aliyetajwa alipata viboko viwili. Lakini walimu walikuwa na ng'ombe wa kukama na njia ndefu za kwenda, kwa hiyo hawakurudi nyuma zaidi ya majina matatu au manne. Kila mtoto alilijua hilo. Ukiipata diski asubuhi, ipitishe mapema, ili kufikia jioni jina lako liwe mbali.

Na kulikuwa na mahali pamoja ambapo diski haikuingia. Nyuma ya jiko la shule, kati ya ukuta na rundo la kuni, ndipo rafiki yangu aliposimulia katuni. Hakuna aliyetangaza sheria yoyote, lakini sote tuliifuata: aliyekuwa na diski aliivua, akaiacha juu ya jiwe kabla ya kuzunguka kuni, na alipotoka akaichukua tena. Hata viranja waliifuata. Nimeishi miji kadhaa tangu wakati huo, nimefanya kazi katika ofisi zenye kanuni zilizopigwa mihuri, na sijaona sheria iliyoheshimiwa namna ile.

Kwa nini basi niliivunja? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu halinipi heshima yoyote.

Kwanza, niliona wivu. Televisheni ilikuwa yetu. Antena niliizungusha mimi, mvua ikininyeshea. Lakini watoto walimwuliza yeye: "Jumamosi mtaangalia tena kwenu?" Kwenu! Naye hakuwasahihisha. Kisha mchezo wa katuni ukaanza uwanjani, kila mtu na mhusika wake, na aliyegawa wahusika ni yeye. Nilitaka kuwa msichana wa misuko miwili. Akanitazama kwa makini, akasema, "Wewe utakuwa kengele." Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Kwa hiyo wiki nzima nilisimama kando nikipaza sauti, ngo-ngo-ngo, ili wengine wakimbie kuingia kwenye darasa la kujifanya. Alikuwa ananitania tu, namna alivyokuwa akinitania tangu siku ya kwanza ya kufinya. Mimi nililibeba neno hilo moyoni, nikaliatamia.

Pili, siku hiyo ya Ijumaa nilikuwa nimevaa diski kwa mara ya kwanza maishani. Asubuhi, nikienda chooni, nilikanyaga siafu. Wakapanda hadi mapajani. Nani duniani hulia kwa Kiswahili akiumwa na siafu? Nilimwita mama kwa sauti kubwa, tena sikumwita kwa Kiembu chetu, nilimwita kwa Kimeru. Mvulana wa darasa la sita aliyekuwa nayo akaja mbio akiwa na furaha ya mtu aliyeokoka, akanivisha hata kabla sijamaliza kujikung'uta.

Mtoto wa naibu mwenye diski! Baba alisimama kwenye gwaride kila jioni, chini ya bendera, mikono nyuma. Nilimwona akilini mwangu akilisikia jina langu. Nikaificha diski ndani ya sweta, na masomo yote mawili yaliyofuata sikusikia kitu.

Saa tano watoto wakaenda nyuma ya kuni kama kawaida. Nikaenda nao. Sikuiacha juu ya jiwe.

Rafiki yangu alikuwa amesimama juu ya gogo. Siku hiyo ilikuwa hadithi ya kofia: yule mwalimu mwembamba amechoka, amesema leo atamvua yule mvulana kofia mbele ya shule nzima, na watoto wenzake wanatafuta namna ya kumwokoa. Alikuwa mwalimu, alikuwa mvulana, alikuwa kofia. Mikono yake haikutulia. Mvulana mmoja aliacha kutafuna githeri, kijiko kikabaki mdomoni. Akafika pale ambapo mkono wa mwalimu umeshika kofia, na mvulana amefumba macho.

Nikapanda juu ya gogo, nikaitoa diski ndani ya sweta, nikamvisha.

Rafiki yangu aliitazama diski kifuani pake, kisha akanitazama mimi. Nilitarajia anitukane. Nilikuwa tayari, nilikuwa na maneno yangu. Lakini aliniangalia tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi, akashuka kwenye gogo, akaondoka. Hadithi ilikatikia hapo. Katuni yenyewe nilikuwa nimeiona na ninajua ilivyoisha. Yake sijui hadi leo.

Nilijiambia kwamba ataipitisha. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, na hadi sasa inaniuma kwa sababu ilikuwa hesabu nzuri. Ilikuwa bado saa tano. Alikuwa na mchana mzima, na watoto mia tatu wakizungumza Kimeru kila upande. Angeipitisha kabla ya chakula cha mchana, ingezunguka, na jioni majina yetu yangekuwa mbali. Kesho ni Jumamosi, angekuja, tungegombana kidogo, angenifinya, yangekwisha.

Hakuipitisha. Mchana wote alikaa karibu nami kwenye dawati, diski nje ya sweta, mahali kila mtu anapoiona. Watoto walizungumza Kimeru mbele yake na hakumvisha yeyote. Nadhani wengine walifanya kusudi, ili ampe mmoja wao. Nilimnong'oneza kwa Kiswahili, "Mpe mtu." Akafungua kitabu.

Kwenye gwaride mwalimu wa zamu aliuliza diski ilipo. Rafiki yangu alitoka mwenyewe, akaenda mbele. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, mawingu yalikuwa yanakaribia, na baiskeli yake ilikuwa tayari ukutani.

"Hii ulipatiwa na nani?"

"Niliiokota, mwalimu."

"Uliokota wapi?"

"Kwa njia."

"Diski haiokotwangi. Nani alikupatia?"

Kimya.

"Taja tu jina, twende nyumbani. Ama unataka kubeba mzigo ya watu wote?"

Mvulana wa darasa la sita aliyenipa alikuwa mstari wa pembeni. Alinitazama, nikamtazama, tukaangalia chini pamoja. Kulikuwa na wengine kabla yake. Tulikuwa watu watano au sita tuliojua, na mkono wowote ungeinuka ungetosha.

"Sawa," mwalimu akasema. "Beba."

Fimbo ilikuwa ya mbuni, mti wa kahawa, iliyokatwa siku hiyo. Alimpiga mikononi. Sikuhesabu, ingawa wengine walihesabu na baadaye wakabishana. Alipiga, akasimama, akauliza tena, akapiga tena. Nilikuwa mstari wa tatu. Nilijua wazi kwamba nikisema neno moja itakoma. Baba alikuwa chini ya bendera, mikono nyuma, na hata hakuwa ananiangalia mimi. Nilimwogopa, lakini sitamsingizia. Hakunizuia. Nilisimama pale na afya yangu na sauti yangu kubwa ya kengele, nikanyamaza hadi tukaambiwa tutawanyike.

Usiku ule tukila, baba alisema, "Yule rafiki yako ana kichwa kigumu. Wewe hukuona aliyempa?"

"Sikuona," nikasema. Akaniongezea mboga.

Jumamosi hakuja. Nilitoka nikauzungusha mti wa antena, na sikuwa na mtu dirishani wa kuniambia bado. Niliuzungusha, nikakimbia ndani kutazama, nikakimbia nje, nikazungusha tena. Nilipopata picha walikuwa wanaimba wimbo wa mwisho, wote wazima, wamekumbatiana mabegani.

Jumatatu alikuja shuleni mikono imevimba, kalamu ameishika kwa vidole viwili. Hakuhama dawati. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akihama. Alikaa mahali pake, na baada ya muda akasema, kwa Kiswahili, "Naomba kifutio." Nikampa. "Asante," akasema. Ilikuwa siku ya Kiingereza. Ningeweza kumsahihisha.

Wakati wa mapumziko watoto walimwendea. Akawaambia hakuangalia katuni, hajui kilichotokea. Walikuja kwangu basi, maana televisheni ilikuwa yangu, sivyo? Nilisimama juu ya lile gogo na kuwasimulia ile katuni ya kofia ilivyokuwa kweli, walichokisema kweli. Kofia ilikuwa kofia tu. Mwalimu alikuwa mkali tu. Walisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akakumbuka anataka kunywa maji, mwingine akamfuata. Nilibaki na mvulana mdogo wa darasa la pili, na yeye alikuwa anangoja kipande cha muwa nilichokishika. Wiki mbili baadaye mpishi alipanga kuni hadi ukutani, hakukuwa tena na nafasi ya kupita, na hakuna aliyelalamika.

Jumamosi ya pili nilivuka kijito nikaenda kwao. Sikuwa nimetumwa. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, kwa Kimeru, nikiyarudia kila hatua: kwamba nilikosea, kwamba nilikuwa na wivu, kwamba anifinye anavyotaka.

Mama yake alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alinipokea vizuri, akaniita mtoto wa mwalimu, akaniuliza habari za nyumbani, zote kwa Kimeru, na kutokana na uso wake nilijua hajaambiwa kitu. Aliamini binti yake aliadhibiwa kwa kuzungumza Kimeru, kama watoto wote. Nikamwona rafiki yangu karibu na moto. Nilimsalimia tulivyosalimiana siku zote: "Muga."

"Hujambo?" akanijibu. "Karibu. Keti hapa."

Akanipangusia kiti kwa leso. Akaniletea uji kwa kikombe cha wageni, chenye maua, ambacho sikuwahi kukinywea ingawa nilikuwa nimekula katika nyumba ile mara nyingi kwa sufuria moja naye. Nilizungumza naye Kimeru, akanijibu kwa Kiswahili. Masomo ni mazuri. Mikono inapona. Mvua imezidi. Mama yake alimtazama mara ya kwanza, akamtazama tena, akacheka na kumwuliza kama siku hizi jikoni kwake kumekuwa ofisi ya chifu. Rafiki yangu akachochea moto, akaniuliza kama ningependa kuongezewa uji.

Nilishindwa kusema yale maneno mbele ya mama yake. Nilingoja anisindikize. Alinisindikiza hadi kwenye kizuizi cha miti kilicho langoni, akakiondoa, akasimama kando ili nipite. Nikasema. Nilisema vibaya, nikavuruga mpangilio, nikaanza kulia katikati, lakini nilisema yote, kwa Kimeru alichonifundisha mwenyewe.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kuiona hasira.

"Hakuna shida," akasema kwa Kiswahili. "Asante kwa kututembelea. Wasalimie nyumbani."

Akarudisha miti, mmoja mmoja, akageuka. Kabla hajaufikia mlango nilimsikia ameanza kumwambia mama yake jambo, kwa Kimeru, haraka haraka, ile sauti ya kukwaruza ikipanda na kushuka, mikono iliyovimba ikiruka. Lilikuwa jambo la kuku aliyeingia kanisani. Alikuwa kuku, alikuwa mhubiri, alikuwa waumini. Mama yake akacheka hadi akaangusha kisu.

Nilisimama nje ya ua nikisikiliza. Nilielewa kila neno.